Kwa Nini Wapiga Fidla wa Ayalandi Wanakupa Mgongo

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika baa ya Dublin, Galway au Ennis akitafuta muziki wa asili hupigwa na butwaa. Jukwaa hakuna, kipaza sauti hakuna, bango la kumtaja mwanamuziki wa usiku huo hakuna. Penye kona, karibu na dirisha, watu saba au wanane wameizunguka meza iliyosheheni glasi, na nusu yao wamewapa wateja mgongo. Mmoja anaanza kupiga fidla, wengine wanamdaka, wanakwenda mbio dakika tano sita, kisha wanakatika kwa pamoja. Hawatangazi walichopiga wala hawainuki kupokea makofi. Wananyanyua glasi na kurudia gumzo lao la bei ya petroli au mechi ya Jumapili, mpaka mmoja wao atakapojisikia kuanza tena.

Mgeni anajiuliza: hili ni onyesho au ni mazoezi? Kiingilio analipwa nani? Nikitaka wimbo fulani namwomba nani? Na mbona hawanitazami?

Hawakutazami kwa sababu hawakupigii wewe. Wanapigiana wenyewe kwa wenyewe, na wewe umeachiwa nafasi ya kuwepo. Ukilishika hilo, mengi yaliyobaki yanaeleweka: mahali pa kukaa, wakati wa kunyamaza, sababu ya kutokuwa na kiingilio, na hata kwa nini baa moja ina raha huku ya jirani, yenye mapambo yale yale, imepooza. Lakini hali hiyo haikuzuka tu. Imetokana na namna muziki wenyewe ulivyoundwa, na sheria moja ya mwaka 1935, na maisha ya vyumba vya kupanga vya London.

Mezani kunatokea nini

Wenyewe wanauita mkusanyiko huu seisiún. Sisi tuuite kikao. Kinachopigwa zaidi ni muziki wa dansi usio na maneno. Kipande kimoja ni kifupi: sehemu mbili, kila moja ya vipimo 8, kila moja ikirudiwa, jumla vipimo 32. Kwa mwendo wa kawaida hiyo haifiki dakika moja. Kwa hiyo wanakipiga mara tatu mfululizo, kisha bila kupumua wanarukia kingine, halafu kingine tena. Vipande viwili vitatu vilivyounganishwa hivyo ndivyo seti moja. Mgeni ambaye hajaambiwa hudhani ni wimbo mmoja usiokwisha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuanza kuongea.

Jambo la kusikilizia ni ule mpito. Mtazame anayeongoza (si lazima awe mzee, na hana cheo, ni yule tu aliyeanza). Kipande kinapokaribia mwisho wa mzunguko wa tatu, atainua kichwa, au atanyanyua nyusi, au atapiga ukelele mfupi wa "hup!". Sekunde ile ile mahadhi yanabadilika, mara nyingi na ufunguo wake, na unaona nyuso mezani: wawili wameshakitambua na wamo tayari, mmoja anakisikiliza kwa vipimo vinne hivi ndipo anaingia, mwingine anaweka filimbi yake mapajani kwa sababu hakijui. Kutokukijua si aibu. Aibu ni kukibabaisha. Watu hawa wana vichwani mamia ya vipande, wengine maelfu, na karatasi ya noti hutaiona mezani. Wamejifunza kwa kusikia, na mara nyingi ukimwuliza mpigaji jina la alichopiga atakuna kichwa.

Si kwamba muziki huu haujaandikwa. Mkusanyaji wake mashuhuri kuliko wote alikuwa polisi. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyehamia Marekani, alikuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, na mwaka 1903 alichapa kitabu chenye vipande 1,850 alivyovichukua kwa wahamiaji wenzake. Lakini kitabu kinakaa nyumbani. Ukikitoa mezani, kikao kimekufa.

Kuna aina kadhaa, na kuzitofautisha si kazi ngumu. Rili ina mapigo manne yanayotiririka bila kukatika, na ndiyo inayotawala. Jigi inakwenda kwa sita, makundi mawili ya tatutatu, na mguu wako utaitambua kabla ya sikio. Ipo jigi ya tisa, yenye mwendo wa kuning'inia. Polka, fupi na za kurukaruka, ni mali ya Sliabh Luachra, nchi ya vilima na majimaji mpakani mwa kaunti za Cork na Kerry. Ukiingia baa ukakuta polka tupu, umeshajua umefika upande gani wa nchi. Konsatina, yaani vinanda vidogo vya mvukuto vya kushika mikononi, zikiwa nyingi, huenda uko kaunti ya Clare. Fidla zikikwaruza kwa upinde mfupi na mkali, wapigaji hao pengine walijifunzia Donegal, kaskazini, ambako Uskoti iko karibu.

Ala zenyewe: fidla, filimbi ya bati, filimbi nene ya mbao, akodiani ya vitufe, konsatina, banjo ya nyuzi nne. Gitaa nalo limo, pamoja na buzuki, ala ya Wagiriki iliyoingia miaka ya 1960 ikabadilishwa umbo na kufanywa mwenyeji. Mfalme wa meza, akiwepo, ni zumari la mfuko liitwalo uilleann. Halipulizwi kwa mdomo. Mpigaji anabana mvukuto kwa kiwiko kimoja ili kujaza mfuko, anaukamua mfuko kwa kiwiko cha pili, vidole viko kwenye zumari, na kifundo cha mkono kinabonyeza vifunguo vya kuongeza sauti za chini. UNESCO iliuweka upigaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, na ukimwona mtu akilipiga kwa karibu utashangaa walichelewa nini.

Kisha kuna bodhrán, dufu la ngozi ya mbuzi linalopigwa kwa kijiti kifupi. Ndilo linalowavutia wageni kwa sababu linaonekana rahisi, na ndilo linalochukiwa kuliko yote likishikwa na asiyelijua. Wanamuziki wana utani wa siku nyingi kwamba kifaa bora cha kulipigia ni kisu cha mfukoni. Kanuni isiyoandikwa ni dufu moja kwa wakati mmoja, na gitaa moja.

Ukiacha wanaosindikiza kwa dufu, gitaa au buzuki, wote wanapiga mahadhi yale yale kwa pamoja. Hakuna sauti ya pili iliyopangwa, wala zamu ya mtu mmoja kujionyesha wenzake wakimsindikiza. Tofauti zimo katika madoido: huyu anatetemesha noti, yule anaikata, mwingine anaiteleza. Ndiyo maana wanakaa duara na kukupa mgongo. Bila vipaza sauti, na huku ukumbi unavuma, njia pekee ya kwenda sawa ni kutazamana vidole na kusikilizana kwa karibu. Mgongo ule si dharau.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye taarabu hili lina utata wake. Kule, mtu akikunwa na ubeti anaondoka kitini, anakwenda mpaka kwa mwimbaji na kumtunza, na tendo hilo ni sehemu ya muziki. Ukijaribu hivyo kwenye kikao cha Ayalandi, ukamwekea mpiga fidla noti ya yuro 10 mapajani, utamtia haya na wenzake watacheka. Wala hawatarajii ucheze dansi mbele yao. Shukrani inapitia kaunta: unamwambia mhudumu kwamba unataka kumnunulia kinywaji yule mwenye filimbi, yeye anajua anakunywa nini, anampelekea. Mpigaji atainua glasi kuelekea kwako, na mambo yamekwisha.

Si desturi ya kale kama inavyodhaniwa

Kuta zimepigwa moshi, mbao zimechakaa, picha ukutani ni za babu wa mwenye baa. Ni rahisi kuamini kwamba fidla zimelia pale tangu enzi za wafalme. Muziki ni wa kale, vipande vingi vina miaka 200 na zaidi. Baa nyingi ni za kale pia. Kilicho kipya ni kuviweka pamoja.

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, muziki huu uliishi majumbani na njiapanda. Majirani walikusanyika jikoni kwa mtu, meza ikasukumwa ukutani, mpiga fidla akakalishwa karibu na moto, watu wakacheza mpaka alfajiri. Baa ilikuwa mahali pa wanaume kunywa na kuongea, mara nyingi nusu yake ikiwa duka la unga, chai na misumari. Baa kadhaa zilikuwa na kibao kinachokataza kuimba. Wanawake waliotaka kinywaji walijificha katika kijichumba chenye mlango kando ya kaunta, na vijichumba hivyo bado vipo. Leo watu wanavigombea kwa sababu vina faragha.

Mapadri hawakupenda dansi za majumbani. Waliziona chanzo cha maovu, na baada ya uhuru walikuwa na sauti kubwa serikalini. Mwaka 1935 ikapitishwa Sheria ya Kumbi za Dansi iliyotaka kila dansi ya hadharani iwe na leseni ya mahakama. Kwenye maandishi haikukusudia jiko la mtu, lakini mapadri na polisi wa maeneo mengi waliitumia hivyo hivyo, watu wakapelekwa mahakamani kwa kucheza nyumbani. Dansi ikahamia kumbi za parokia, chini ya jicho la padri, na ukumbi mkubwa ukataka bendi kubwa yenye piano na ngoma. Mpiga filimbi wa peke yake akakosa pa kupigia.

Halafu njaa ya kazi ikawahamisha. Katika miaka ya 1950 peke yake, nchi yenye watu wasiofika milioni 3 ilipoteza takriban 400,000 kwa uhamiaji, wengi wao wakienda Uingereza kujenga barabara na majengo yaliyobomolewa na vita. London walipanga vyumba vidogo kwa wenye nyumba wasiotaka kelele. Mtu ana fidla chini ya kitanda na hawezi kuipiga. Akaibeba kwenda baa ya Camden Town, Kentish Town au barabara ya Holloway, ambako mwenye baa mara nyingi alikuwa Mwayalandi mwenzao na alifurahi kuona ukumbi umejaa. Humo mtu wa Sligo, kaskazini-magharibi, alikaa meza moja na mtu wa Kerry, kusini, jambo ambalo nyumbani lisingetokea maisha yao yote. Hawakuwa na mtindo mmoja wala bendi moja. Walikuwa na vipande walivyovijua wote, vingi kutoka kwenye santuri za wahamiaji waliotangulia New York, hasa za Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyerekodi huko miaka ya 1920 na 1930. Wakaanza na hivyo. Julia Clifford, mwanamke wa Sliabh Luachra ambaye fidla yake bado inaigwa, alikuwa mmoja wa waliojaza baa hizo.

Kikao tunachokiona leo, basi, umbo lake ni la uhamishoni. Nyumbani kilipokewa katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1951 ilianzishwa jumuiya ya wanamuziki, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, ikaandaa tamasha la kwanza mjini Mullingar. Mashindano yalikuwa ukumbini, lakini watu walifurahia zaidi walichokipiga baada ya hapo, barabarani na kwenye baa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 baa ya O'Donoghue's, mtaa wa Merrion Row mjini Dublin, ikawa kituo cha vijana wenye gitaa na banjo, na humo kundi la The Dubliners likaundwa mwaka 1962. Mpiga banjo wao, Barney McKenna, alishusha nyuzi za banjo ziwe kama za fidla, na mpaka leo karibu kila banjo unayoiona kwenye kikao nyuzi zake zimekazwa hivyo.

Miaka ya 1970 wakaja vijana wa Ulaya na Marekani wenye mikoba mgongoni. Kijijini Doolin, pwani ya Clare, walimfuata Micho Russell, mkulima aliyepiga filimbi ya bati kwa upole wa ajabu, na ndugu zake Packie na Gussie. Kijiji cha wavuvi na wakulima kikageuka jina la kimataifa, na baa zake hazijawahi kupumzika tangu hapo.

Nani analipwa, na pesa inatoka wapi

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, maana nimekwisha sema hawakupigii wewe, na mtu anaweza kuuliza: mbona basi kibao mlangoni kinasema muziki kila usiku saa tatu na nusu?

Katika baa nyingi mwenye baa analipa wawili au watatu, wale wa kushikilia meza. Kazi yao ni kuhakikisha kikao kipo hata usiku wa mvua ambao hakuna mwingine aliyekuja. Wengine wote wanaojiunga hawalipwi, labda kikombe cha chai au glasi ya bure. Mpangilio huu una hekima yake: kikao kinakuwa na uhakika, lakini mlango unabaki wazi. Pia una hatari. Mwenye baa anayelipa ataanza kutaka anachokitaka: nyimbo za kuimbwa na wote, vipaza sauti, mapumziko yaliyopangwa. Polepole wale wasiolipwa wanahamia baa nyingine, na waliobaki sasa wanakutazama wewe usoni. Hilo si kosa, ila ni biashara nyingine.

Mtaa wa Temple Bar, Dublin, ndio mfano wake mkubwa. Muziki upo tangu mchana, gitaa na kipaza sauti, ukumbi mzima ukiimba kwa sauti moja, bia ghali kuliko mitaa ya jirani. Kuna watu wanaopadharau sana. Mimi sioni sababu ya kumkataza mtu kufurahi. Ila asiseme amesikiliza kikao. Kwa kikao avuke mto Liffey aende Smithfield, kwenye baa ya The Cobblestone, ambayo hujitambulisha kwa mzaha kwamba ni baa ya kunywa yenye tatizo la muziki.

Mwaka 2021 baa hiyo ilikaribia kubadilishwa kabisa. Ulipelekwa mpango wa kujenga hoteli ya ghorofa tisa juu yake na kuizunguka, ukumbi wa nyuma wa maonyesho na madarasa ukiondolewa. Watu waliandamana na ala zao mikononi, maelfu wakatia saini kupinga, na Novemba mwaka huo Halmashauri ya Jiji la Dublin ikaukataa mpango. Jambo hilo liligusa watu kwa sababu kila mmoja alikuwa na baa yake aliyoiona ikifungwa. Tangu 2005 zaidi ya baa 2,000 zimefungwa nchini, nyingi vijijini.

Sababu moja haionekani kwa macho. Tangu 1902 haitolewi leseni mpya ya baa mpaka ya zamani ifutwe. Leseni ikawa mali adimu, na tangu mwaka 2000 inaweza kununuliwa upande mmoja wa nchi na kutumika upande mwingine. Mwenye baa kijijini, amezeeka, watoto wako Sydney, anauza leseni, na supamaketi mjini inapata ruhusa ya kuuza pombe. Ongeza sheria ya ulevi barabarani: mwaka 2011 kiwango kilishushwa kutoka miligramu 80 hadi 50 kwa kila mililita 100 za damu. Sheria nzuri, imeokoa watu, lakini mkulima anayeishi kilomita 8 kutoka baa, bila basi wala teksi, amebaki nyumbani na televisheni. Na yeye ndiye aliyekuwa na konsatina.

Ukiingia

Agiza kwenye kaunta, ulipe hapo hapo. Bahashishi ya kaunta haitarajiwi. Ukiagiza Guinness usiishike glasi mapema: mhudumu ataiinamisha chini ya bomba, ataijaza robo tatu, ataiacha itulie mpaka ukungu wa kahawia upande juu na kuwa povu, kisha ataimalizia. Ni dakika mbili hivi. Wasomaji wa Nairobi na Dar wanaoifahamu ya chupa wajiandae, kwani ya bomba ni laini zaidi na kileo chake ni kidogo, asilimia 4 na kitu. Ukiwa na wenzako, mnanunuliana kwa raundi, na anayekunywa raundi tatu bila kununua yake husemwa akishatoka.

Asiyekunywa pombe hana haja ya kusita. Chai ipo, kahawa ipo, Guinness isiyo na kileo inauzwa huko tangu 2021, na wanamuziki wengi wenyewe wanakunywa chai kwa sababu wataendesha gari kurudi. Moshi wa sigara pia hautakusumbua; Machi 2004 Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uvutaji katika sehemu zote za kazi, baa zikiwemo. Ukiwa na watoto, sheria inataka watoke saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba, na kikao mara nyingi ndipo kinaanza. Kwao tafuta vikao vya Jumapili mchana.

Viti vya pale mezani, hata vikiwa vitupu, si vyako. Kiti kilichowekewa koti kina mwenyewe, na stuli tupu karibu na ukuta huenda ni ya mtu ambaye amekikalia kila Jumanne kwa miaka. Kaa meza ya pili. Kuongea si kosa wakati rili zinapigwa. Kikao kimezoea kelele na hakidai ukimya wa msikitini. Usipige makofi ya kufuata mdundo, maana ukumbi mzima huanza sawa na kumaliza ukiwa mbele yao kwa nusu pigo. Makofi ni mwisho wa seti. Ukitaka kurekodi kwa simu, uliza kwa jicho na kidole, wengi watakubali. Kuomba wimbo maarufu ulioujua kwenye filamu, hapana.

Kuna wakati mmoja ambapo kanuni zote za kelele zinageuka. Mtu anaombwa kuimba. Ala zinawekwa chini, mtu mmoja anasema "shh", na mhudumu anaacha kuosha glasi. Ikiwa ni mtindo wa sean-nós, anaimba peke yake bila ala yoyote, mara nyingi kwa Kiayalandi, amefumba macho au ameyakaza ukutani. Sauti inapinda na kujizungusha kwenye silabi moja. Wakati mwingine aliyekaa jirani humshika mkono na kuuzungusha taratibu kufuata mahadhi, kama mtu anayesokota uzi, na hakuna anayeona ajabu. Ukifika mstari wa mwisho, waimbaji wengi hawauimbi. Maneno machache ya mwisho wanayasema tu, kwa sauti ya mazungumzo, na hiyo ndiyo ishara kwamba umekwisha. Mgeni anayenunua bia katikati ya wimbo huo atalikumbuka lile jicho.

Kufunga ni saa tano na nusu usiku Jumatatu hadi Alhamisi, saa sita na nusu Ijumaa na Jumamosi, saa tano Jumapili, na kila siku unapewa nusu saa ya kumalizia glasi. Taa zitawashwa na kuzimwa, mhudumu atauliza kwa sauti kama hamna kwenu.

Nje ya Ayalandi kuna nakala zisizohesabika. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na biashara nzima ya kubuni baa za Kiayalandi, mbao, vioo na mabango yote, na kuzisafirisha kwa kontena zikiwa tayari kuunganishwa popote. Dubai ina The Irish Village, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Waswahili wa Ghuba wanaifahamu. Mbao hizo si bandia, zinatengenezwa vizuri. Kinachokosekana ni watu saba wanaoishi jirani, wanaojua vipande vile vile, na ambao wangekutana hata kama usingekuja. Wakipatikana, na katika miji kadhaa wamepatikana, baa ya kontena inatosha kabisa.

Swali la mwisho huulizwa na wanaopiga ala wao wenyewe. Unaweza kujiunga? Unaweza, kwa utaratibu. Acha ala kwenye mkoba wake, kaa karibu, sikiliza seti mbili tatu, zungumza na anayeongoza. Akikwambia toa chombo, toa, piga unachokijua tu. Wakitua watakuomba uanze wewe, na hapo ukianzisha kitu cha kwenu hawatakukatalia. Watakisikiliza kwa makini kuliko wateja wote waliomo, na mwenye buzuki ataanza kukitafuta chinichini. Au watakuomba wimbo. Uimbe kwa Kiswahili bila kuomba radhi, nusu ya waliomo hawaelewi vizuri hata nyimbo za Kiayalandi. Na ukimaliza, kwa desturi yao, wewe ndiye unayemtaja atakayeimba baada yako, na uliyemtaja hana ruhusa ya kukataa.